Kelele za Nje ni Zangu

Kiatu kilikataa kushuka. Saa saba mchana, foleni ya kituo cha mafuta imefika hadi barabarani, honi zinalia mbele na nyuma, na Mwalimu amesimama kwenye lami ya moto, mguu mmoja una kiatu na mwingine mtupu. Soli ya kile cha kulia ilikuwa imeyeyuka ikagandia sakafuni mwa gari, pale pale chini ya pedeli ya mafuta. Alivaa blauzi ya njano, jinzi iliyomkaa vizuri na kitambaa chekundu kichwani. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni, na hakuwa na hata chembe ya aibu.

"Atakayecheka ndiye atakayenitolea kiatu!" aliitangazia foleni nzima.

Dereva wa lori la nyuma alishuka. Alikuwa mrefu, ndani ya ovaroli la bluu lenye madoa ya povu jeupe viwikoni. Midomo yake ilicheza, lakini Mwalimu hakusikia kitu.

"Ongea kwa sauti, kaka! Masikio yangu yametoka vitani."

"Nimesema," alirudia kwa sauti ile ile ya chini, ikabidi Mwalimu amsogelee mpaka akanusa sabuni aliyoogea, "gari lako halijazeeka. Lina matundu tu."

Sasa hebu niambieni. Mwanamke ambaye mafundi saba wamemwambia "uza hiyo takataka, dada", akisikia maneno hayo atafanya nini? Alimpa namba ya simu kabla hata hajatoa kiatu.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, la milango miwili, jekundu lililopauka, umri wake miaka thelathini na ushee. Alilinunua wiki ile ile aliyoachana na mume aliyekuwa akimwambia kila siku, "Punguza mdomo, majirani wanasikia." Mwalimu alikuwa akifundisha udereva. Kutwa nzima kazi yake ilikuwa kupaza sauti, "Breki! Breki, baba, hiyo siyo breki!", na jioni alitaka kitu kilicho chake. Alirudi kuishi kwa mama yake, na huko kaka yake mkubwa aliliona gari hilo kama tusi.

"Mtaa mzima unajua saa unayotoka na saa unayorudi," kaka alilalamika.

"Ndiyo maana nililinunua," alijibiwa.

Lakini hata shujaa anaungua. Ndani ya gari lile paja lilichomwa kama limewekwa juu ya jiko, na mngurumo ulimfanya asisikie hata mawazo yake.

Yule wa lori aliitwa Barafu, kwa sababu alitengeneza maboksi ya malori ya kubebea nyama na samaki, yale ambayo nje jua likiwaka ndani hakiyeyuki kitu. Jumamosi Mwalimu alifika karakanani akakuta viti vya gari lake vimeng'olewa, kapeti limekunjwa, na Barafu amepiga magoti anagonga sakafu kwa kidole.

"Unambishia nani hodi?"

"Sikiliza." Aligonga mahali pamoja, bati likalia ngaaa. Akagonga penye kipande cha lami alichobandika, likajibu du. "Panapolia napabandika. Panaponyamaza napaacha. Wengine hubandika kila mahali, gari linakuwa zito kama kabati na kelele ziko pale pale."

"Kumbe dawa si kunyamazisha kila kitu."

"Wala."

"Ningekuwa na dada ningekuoza leo hii."

Barafu alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Kisha alifunga mlango wa karakana, giza likaingia, akawasha taa na kuiweka upande wa injini. Walijilaza ndani ya gari tupu, bega kwa bega, vichwa chini ya dashibodi. Kwenye ukuta wa bati ulio kati yao na injini, mwanga ulichomoza kila palipokuwa na tundu ambalo waya za zamani zilipita.

"Panapopita mwanga hupita joto na kelele," alisema. "Hesabu."

Walihesabu pamoja. Mwalimu alifika kumi na moja.

"Kumi na mbili," alisema Barafu. "Hilo la juu limekupita."

"Nilikuwa naangalia kitu kingine."

"Macho mbele, mwalimu."

Hapo moyo wake ukaondoka, na hakujali kuufuata. Kazi ilichukua wiki tatu: kuziba matundu kwa raba, kutundika karatasi inayong'aa juu ya bomba la moshi na kuiachia nafasi ya hewa, kukausha sponji kuukuu za chini ya kapeti zilizolowa. Na kila jioni ilikuwa simu.

"Umekula, baridi yangu?"

"Bado."

"Sikusikii."

"Nimesema bado, mpenzi."

"Nilisikia. Nilitaka uongee tena."

Siku ya kuchukua gari alivaa gauni la kijani na viatu vipya vyenye soli nyembamba, makusudi, ili aone kama vitaungua. Aliketi, akafunga mlango, ukaitikia kwa sauti nzito ya kistaarabu. Akawasha injini, akasubiri. Alitazama saa ya mizunguko ya injini: sindano ilikuwa imepanda. Gari lilikuwa linawaka, ila lilikuwa kimya ndani. Alishuka akazunguka nyuma, na nje nako kimya. Bomba lake nene lililokuwa likiunguruma halikuwepo. Palikuwa na sailensa mpya, ndogo, yenye adabu.

"Nani kakwambia uguse bomba?"

"Kaka yako alikuja Alhamisi," Barafu alisema. "Kasema umemtuma. Kasema unataka gari linyamaze kabisa, akaleta na sailensa."

"Na wewe ukamwamini?"

"Ni kaka yako mkubwa. Nikajua mmeshaelewana."

"Gari ni la nani?"

"Lako."

"Simu yangu unayo?"

"Ninayo."

"Jana usiku tulizungumza saa nzima. Ulishindwa kuniuliza?" Macho yalimjaa machozi na yakamzidishia hasira. "Nilikwambia unipunguzie kelele za ndani, Barafu. Za nje ni zangu! Miaka sita mwanamume mmoja ananiambia ninyamaze, nimetoka kwake nikakuta kaka anaendeleza, na wewe nikakuona tofauti. Kumbe mmekutana mkaniziba!"

Aliondoka bila kuagana. Viatu havikuungua. Alilia njia nzima ndani ya utulivu mzuri ambao mtu aliutengeneza kwa mikono yake, na alimchukia kwa kuutengeneza vizuri hivyo.

Wiki mbili hakupokea simu. Kaka alifurahi. "Sasa umekuwa mtu," alisema mezani, na Mwalimu akamwambia mtu alikuwa tangu azaliwe, atafute jingine la kusema. Aliyemshangaza ni mama. Jioni moja aliingia jikoni, mama akaruka, kikombe kikaanguka.

"Siku hizi unaingia kama mwizi!" mama aligomba. "Zamani nakusikia tangu kona ile ya duka, nafungua geti, nabandika chai. Najua mwanangu amefika salama. Sasa nakaa nachungulia dirishani kama mlinzi. Lirudishe lile bomba lako."

"Kaka hapendi."

"Kaka yako gari lake lipo, alifunge hata blanketi."

Kesho yake asubuhi Mwalimu alikuwa uwanjani kwa wanafunzi wake, koni zimepangwa, mama mmoja mnene akirudisha gari kinyumenyume kwa dua. Mara akaona ovaroli la bluu linakatiza katikati ya koni, bomba nene begani. Barafu alisimama hatua ishirini kutoka kwake, akavuta pumzi.

"NIMEKOSA!"

Wanafunzi wote walitoa vichwa madirishani. Yule mama alikanyaga koni.

"Nilimsikiliza mwanamume kuhusu gari la mwanamke! Ningekupigia simu ningejua! Bomba sikulitupa, kaka yako alisema nilitupe nikakataa! Nisamehe au usinisamehe, lakini kitu chako nimekuletea hapa hapa!"

Sauti ilimpasuka mwishoni, maana haikuwahi kutumika hivyo. Mwalimu aliuma mdomo asicheke, akashindwa.

"Punguza sauti," alisema. "Watu wanasoma."

Walilifunga bomba wenyewe mchana ule, gari limepandishwa kwenye vigogo, yeye akishika, Barafu akikaza. "Zamani lilifungwa kwa waya," alimweleza, uso umejaa masizi. "Likawa linagusa bodi, kelele zote zinakuja mapajani kwako. Sasa linaning'inia kwenye raba. Lingurume huko huko nje."

"Na kaka akija tena?"

"Nitampa simu akupigie mwenyewe."

Na likanguruma, jamani. Walipopita, watu waligeuka, mbwa walibweka, muuza duka wa kwenye kona alitoka mlangoni akapunga mkono kwa wote wawili. Ndani, vioo vimepandishwa, ilikuwa kama chumba cha kulala. Mwalimu alisikia hata saa ya mkononi mwa Barafu ikigonga.

"Tuoane," alisema Barafu, chini kabisa, macho yake barabarani.

"Umesema?"

"Umenisikia."

"Nimesikia vizuri sana. Rudia."

"Tuoane, mpenzi wangu. Ukipenda."

Walikuwa wamefika. Mama alikwisha kufungua geti, leso mkononi, anacheka. Kaka alisimama kando yake, viganja masikioni, mdomo wake ukifunguka na kufumbika kwa nguvu, mishipa imemtoka shingoni. Ndani ya gari halikuingia hata neno lake moja. Mwalimu alimtazama kwa upendo wote wa dada, akakanyaga mafuta mara moja zaidi, kisha akamgeukia Barafu.

"Ndiyo," alimnong'oneza.