Picha ya Kabla

Jumamosi sokoni Kilifi hakuna njia, kuna mabega tu. Kahonzi alikuwa amesimama katikati ya mabega hayo, simu juu, akipiga picha kibao cha kinyozi mmoja, wala hakujua kwamba ni yeye aliyeziba mlango.

"Dada," sauti ikatoka ndani, ya upole kama ya daktari wa meno, "mwanga wote umeuchukua wewe. Huyu mzee akiondoka na sikio moja, nitamwelekeza kwenu."

Kahonzi akageuka. Kijana mrefu, fulana imechoka shingoni, mashine mkononi, tabasamu limepinda upande wa kushoto. Mbele yake mzee amefungwa shuka hadi kidevuni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado inasubiri serikali.

"Samahani. Natazama hivi vichwa vya kwenye kibao. Nani aliyevichora?"

"Fundi."

"Mbona vinatazama watu kama vimeibiwa?"

"Vinakutazama wewe tu. Vinauliza, wewe na aliyekusuka hizo nywele mlikosana nini."

Mzee wa nusu kichwa akacheka hadi shuka likatikisika. Kahonzi alitaka kununa, ikashindikana. Akaondoka na picha yake. Jioni akarudi, eti haikutoka vizuri. Ilikuwa imetoka vizuri sana.

Hivyo ndivyo Odera, mzaliwa wa Malindi kwa wazazi wa bara, alivyompata Kahonzi wa Vitengeni, aliyekuwa akimalizia masomo ya usanifu wa michoro katika chuo kimoja hapo mjini. Odera alimwita Rula, kwa kuwa binti huyo hakuangalia kitu bila kukipima. Kahonzi akamwita Wembe.

"Wembe, umekula?" Hiyo ni simu ya mchana.

"Nimekula viazi karai. Vingine vilikaa upande. Ungekuwepo ungevipanga."

"Nina hamu nawe."

"Mimi sina hamu. Nina njaa tu, ila imekaa karibu na moyo."

Lakini kilichomkosesha Kahonzi raha ni mahafali. Wenzake waliohitimu mwaka uliotangulia walikuwa wakiwachapishia binamu zao kadi za harusi bure. Kule Vitengeni, mamake, Zipporah, aliuza mahindi hadi ya mbegu ili yeye asome, na majirani walikuwa na swali moja: "Kwani huyo mtoto amesomea kupaka rangi?" Mama alikuwa akiwajibu tu, "Mtaona." Neno hilo lilimwelemea Kahonzi kuliko gunia la hayo mahindi.

Kazi ya mwisho chuoni ilikuwa kuchukua biashara ya kweli na kuigeuza sura.

"Nipe kinyozi chako," akamwambia Odera.

"Nimekupa moyo, sasa unataka na duka?"

"Moyo hauna ukuta wa kupaka."

Odera akacheka, akakubali. Ukuta ukawa mweupe, vioo vikasogezwa, mlangoni likapanda bango jipya lenye mstari mmoja mweusi na jina tu. Kile kibao cha vichwa Kahonzi alikishusha kwa mikono yake mwenyewe. Odera alikipokea, akakiingiza ndani bila neno, akarudi kushukuru. Kahonzi aliuona ule ukimya, akadhani ni kustaajabu.

Siku ya maonyesho Odera alikuja chuoni na shati la samawati lililopigwa pasi hadi likawa na makali, na mfuko wa mabuyu kwa ajili ya mpenzi wake. Alizipata kazi za Kahonzi kwa kufuata kicheko. Wageni walikuwa mbele ya picha mbili kubwa. Ya kulia iliandikwa BAADA: ukuta mweupe. Ya kushoto iliandikwa KABLA: kibao cha vichwa, na chini yake yeye mwenyewe mlangoni, katika ile fulana. Maelezo yalisema: "Fujo. Hakuna ubunifu. Mteja hawezi kuamini."

"Mimi hapo hata mbuzi nisingempeleka kunyolewa," mgeni mmoja akasema. Akageuka, akaiona ile sura ya kwenye picha imesimama nyuma yake. Kicheko kikamfia mdomoni.

Kahonzi alikuwa upande wa pili wa ukumbi, akizungumza na Bi Nyakio, mwenye kampuni ya usanifu Nairobi. Alichokiona ni mgongo wa samawati ukitoka, na mfuko wa mabuyu juu ya kiti.

Alipiga simu siku hiyo, akapiga kesho yake, hadi ikapokelewa.

"Wembe, ni picha tu."

"Kile kibao alikichora Phineas. Kakangu. Ndiye aliyefungua kinyozi. Figo zilikuwa zimeshamchosha, akachora amekaa, mimi nimemshikia mkebe wa rangi. Vile vichwa ni vya watu, Kahonzi. Cha juu ni baba. Cha mwisho, kilichochekwa kuliko vyote, ni mimi. Hakumaliza mwezi tukamzika."

Ilikuwa mara ya kwanza Odera kumwita kwa jina lake.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza siku ile, nikasema fundi. Alikuwa fundi. Nikangoja uulize tena."

Simu ikakatika. Iliyofuata ilikuwa ya Bi Nyakio. "Nimeipenda kazi ya kinyozi. Njoo na picha zote mbili, wateja wangu hupenda kuona palipotoka kitu. Unaanza mwezi ujao."

Asubuhi yake, kabla wateja hawajafika, Kahonzi aliingia kinyozi amevaa dera la kijani, macho yamevimba. Akakaa kwenye kiti cha wateja. Wakatazamana kiooni.

"Nisamehe. Nimeitoa ile picha katika kazi zangu."

"Irudishe."

"Odera."

"Bila hiyo, nyingine ni ukuta mweupe. Nani ataajiri mtu kwa sababu ya ukuta? Irudishe. Futa yale maneno, andika jina la aliyechora."

Kahonzi akalia. Odera akaja nyuma yake, mikono mabegani, kidevu juu ya nywele. Penzi lilikuwa limerudi, lote, na hiyo ndiyo ilikuwa shida.

"Nimepata kazi kwa Bi Nyakio. Twende wote Nairobi."

"Binti wa Phineas anasoma hapa. Mimi ndiye niliyebaki kwake."

"Basi niambie nibaki. Neno moja tu, Wembe, nampigia sasa hivi."

"Ubaki ufanye nini?"

"Sijui. Kadi za harusi."

"Unaogopa kufika kule waone hujui. Kwa hiyo unataka mimi niwe sababu. Halafu huko mbele kila ukichapisha kadi utaniangalia, nami nitajua unaangalia nini."

"Yaani hutaki nibaki."

"Nataka. Ndiyo maana sisemi."

Wakaahidiana simu, wakaahidiana Desemba, kwa sauti za watu wanaomfariji mgonjwa. Kahonzi akataka kuinuka.

"Ngoja," Odera akasema. Akachukua brashi laini, ile ya kuwapangusa wateja nywele zilizodondoka, akampangusa shingo, mabega, nyuma ya masikio, polepole, ingawa hakuna hata unywele mmoja uliokuwa umekatwa.

"Tayari."

Kahonzi akatoka. Alikuwa amefika kwa wauza mchicha aliposikia Odera akiita kwa ile sauti yake ya kazi, "Anayefuata."

Akageuka. Kwenye benchi la nje hapakuwa na mtu.