Mwalimu wa Kimeli

Mwezi wa Januari, duka la vitabu mjini Nakuru si mahali pa mtu mwenye haya. Wazazi walikuwa wamebanana mbele ya kaunta, kila mmoja akinyoosha mkono juu ya kichwa cha mwenzake, na mhudumu aliyeitwa na wote alikuwa ameamua kutomsikia yeyote. Katikati ya msukumano huo alisimama Cheruto, msichana mrefu aliyevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, kipande cha uzi mweupe kikiwa kimemganda begani kama ilivyo kawaida ya mafundi wa nguo. Alishika kitabu chenye picha ya bata wa manjano kwenye jalada, akakigeuza mbele na nyuma kama mtu anayekagua nyanya sokoni.

"Ni cha mtoto wa miaka mingapi?" sauti ikamuuliza kando yake.

Aligeuka. Alikuwa kijana mwenye shati jeupe, mikono imekunjwa vizuri hadi kwenye viwiko, na macho ya mtu aliyezoea kungoja jibu bila kuharakisha.

"Saba," Cheruto akasema.

"Basi kiko sawa. Wa miaka saba atampenda huyo bata. Akiwa mkubwa, atakutupia hicho kitabu."

Cheruto alikitazama tena kitabu. Moto wa aibu ulimpanda shingoni, kwa sababu alikuwa amedanganya mtu asiyemjua, juu ya jambo ambalo halikumhusu mtu huyo hata kidogo.

"Ana kumi na tisa," akasema polepole.

Kijana hakucheka, wala hakuuliza mbona kwanza alisema saba. "Ni ndugu yako?"

"Ndugu yangu mdogo. Ana Down syndrome. Shule ilisema amepita umri, ikamrudisha nyumbani. Sasa natafuta tutor wa kumfundisha nyumbani mpaka nimechoka. Wa kwanza alikuwa anampigia kelele. Wa pili alikuwa anakaa kwa simu mpaka saa iishe. Mwingine aliniambia tu ukweli, ati nisipoteze pesa yangu."

"Huyo wa mwisho ulimlipa?"

"Nilimlipa."

"Basi ni yeye aliipoteza."

Cheruto alicheka bila kutarajia, na kijana naye akatabasamu. Alisema anaitwa Ngigi, kwao ni Bahati, na kazi yake ni hiyo hiyo: kuwafundisha nyumbani wale ambao shule imeshindwa nao. "Rudisha huyo bata, mrembo. Niambie tu huyo kijana anapenda nini."

"Chai."

"Kunywa ama kupika?"

"Kupika. Na kuwapa watu."

"Basi tutaanzia jikoni."

Na kweli walianzia jikoni, katika nyumba ndogo ya mtaa wa Section 58 ambamo Cheruto aliishi na mama yake mjane na Kimeli. Ngigi hakuja na kitabu. Alikuja Jumanne na Ijumaa, akavua saa, akanawa mikono, akamwambia Kimeli amwonyeshe namna chai ya nyumba ile inavyopikwa. Siku Kimeli alipotia chumvi badala ya sukari, mwalimu alikinywa kikombe chote, kisha akaziweka pakiti mbili mezani na kumwuliza ni ipi iliyowafanyia hivyo. Ndivyo Kimeli alivyosoma neno lake la kwanza, na neno lenyewe lilikuwa "chumvi". Mama yao alitoka nje akalia kwenye leso yake, maana kwa miaka mingi alikuwa ameambiwa na watu wenye vyeti kwamba mwanawe hatasoma kitu.

Cheruto alikuwa fundi wa sare za shule. Alikuwa ameshona sare za nusu ya watoto wa mji ule, na nduguye hakuwahi kuvaa hata moja kwa muda wa maana. Basi ukimwuliza lini alianza kumpenda Ngigi, asingekuambia juu ya shati jeupe wala tabasamu. Angekuambia juu ya kile kikombe cha chai ya chumvi.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mama yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba siku za masomo binti yake alifunga kibanda chake cha kushonea mapema na kurudi amepaka mafuta ya midomo. "Kwani na wewe umeandikishwa darasa?" akamwuliza, na Cheruto akajifanya anatafuta mkasi. Jioni simu zilianza.

"Mwalimu, umefika?"

"Nimefika, sweetie. Mwanafunzi wangu ako aje?"

"Anasoma kila kitu chenye kimeandikwa. Saa hii anasoma sabuni."

"Na dada yake?"

"Dada yake ako na kazi ya kushona mpaka shingo inauma."

"Mwambie kuna darasa lake la kupumzika."

"Hilo darasa ni pesa ngapi?"

"Ni bure. Lakini mwanafunzi lazima ahamie kwa mwalimu."

Cheruto aliweka simu kifuani akatabasamu peke yake kama mjinga. Mvua za Aprili zilipokwisha, Ngigi alimwomba rasmi, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma, na Cheruto akakubali kabla hajamaliza sentensi. Ikapangwa kwamba wazee kutoka Bahati waje Jumamosi moja kubisha hodi na kuwajua watu wa nyumba.

Kimeli alilipokea jambo hilo kama lake. Mwalimu alikuwa amempa kazi: yeye ndiye atakayewamiminia wageni chai. Walifanya mazoezi wiki baada ya wiki, Ngigi akiingia mlangoni mara kama mjomba mkali, mara kama bibi kizee asiyesikia, na Kimeli akijibu bila kuyumba: "Karibuni. Mimi ni Kimeli, ndugu yake Cheruto." Dada yake alimshonea shati la samawati lenye kola ngumu.

Siku chache kabla ya ile Jumamosi, Ngigi akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Cheru, nimekuwa nikifikiria. Kimeli anaweza kwenda kwa anti yenu Elburgon hiyo Jumamosi?"

"Kwa nini?"

"Mjomba Maina ako na mdomo mrefu. Ataanza kuuliza kama hiyo kitu ni ya ukoo, kama watoto wetu pia watakuwa hivyo. Na unajua mathe wangu ako na pressure. Ni siku moja tu, mpenzi. Wakishatukubali, mimi mwenyewe nitamtambulisha."

Cheruto alitaka kukasirika, akaitafuta hasira, hakuipata mara moja. Alichokipata kwanza kilikuwa pumzi ndefu ikimtoka, pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Aliwaza wageni wakikaa, hakuna anayekodoa macho, hakuna anayenong'ona, siku moja tu maishani mwake ambayo ingekuwa yake.

"Sawa," akasema.

Mama hakubisha sana. Alikuwa amezoea kumficha wageni wakija. Kimeli aliambiwa Anti Linah anamhitaji Elburgon kwa wikendi, na kwa kuwa wageni wanakuja "baadaye," akaondoka na shati lake la samawati kwenye begi.

Jumamosi wageni walifika kwa magari mawili. Mama yake Ngigi, Wachuka, alikuwa mwanamke mnene mpole mwenye kilemba cha zambarau, aliyemkumbatia Cheruto mlangoni na kumwita mtoto. Walisali, wakala, wakataniana kuhusu wakulima wa Bahati na wakimbiaji wa Bonde la Ufa. Kisha Mzee Maina akasafisha koo. "Kwetu mtu haoi nyumba asiyoijua. Mama, hebu tuonyeshe watoto wako wote, tuwajue kwa sura."

Mama yake Cheruto alisimama. Mikono yake ilishika ncha za leso. "Mungu alinipa huyu tu," akasema.

Cheruto alimtazama Ngigi. Alimngoja. Mtu aliyekunywa chumvi asitamke neno, mtu aliyemwambia Kimeli kwamba yeye ni mwenyeji wa nyumba ile, angefungua kinywa sasa. Ngigi aliinamisha kichwa akakoroga chai ambayo alikuwa ameshaikoroga. Na Cheruto naye, ambaye alikuwa na ulimi wake mwenyewe, alikwenda kuleta mandazi. Wageni walikwenda wamefurahi. Kila kitu kilikuwa kimekubaliwa.

Jumapili alipanda Elburgon kumchukua. Alimkuta Kimeli ameketi kibarazani kwa Anti Linah, amevaa shati la samawati, limefungwa hadi kifungo cha shingo. Anti alisema amelivaa tangu jana na amekataa kulivua.

"Wageni wamefika?" Kimeli akauliza.

"Walikuja, wakaenda."

"Nani alimimina chai?"

"Mimi."

Kimeli alifikiri. "Mwalimu alisema ni mimi."

"Najua."

"Mwalimu alisahau?"

Cheruto alikaa chini kwenye saruji ya kibaraza, hapo hapo na sketi yake ya kanisani, akalia. Kimeli alimpigapiga mgongoni, akidhani wageni ndio waliomkosea dada yake.

Alipompigia Ngigi hakuwa na maneno mengi. Alisema anataka kupumzika kwanza, mambo ya ndoa yangoje. Ngigi aliuliza amekosa nini, akasema si walikubaliana, akasema watamtambulisha Kimeli polepole. Cheruto alikata simu. Wiki mbili alijifanya hana nafasi, na Jumanne na Ijumaa Ngigi alipokuja kufundisha, yeye alibaki kibandani akishona hata kazi isiyokuwepo.

Kisha adhuhuri moja kilemba cha zambarau kikaonekana mlangoni pa kibanda. Wachuka alikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Mtoto, Ngigi ameniambia juu ya ndugu yako. Alilia akiniambia. Sasa mimi nauliza, kwani mlidhani ningefanya nini?"

"Tuliambiwa una pressure, mama."

"Pressure ninayo. Lakini kusalimia kijana kunaongeza pressure? Mimi ningemsalimia, ninywe chai yake. Maina angesema yake, ningemnyamazisha, nimemnyamazisha tangu tukiwa watoto. Nani aliwaambia mimi ni mtu wa kukimbia mtoto wa mtu?"

Cheruto aliinamia cherehani. Jibu lilikuwa mwanawe, na mama yule hakustahili kulisikia. Wachuka aliinuka, akamshika shavu, akasema mlango wa Bahati uko wazi, kwake na kwa ndugu yake.

Mtu mwingine angesema basi, mambo yamekwisha, pigeni vigelegele. Jioni hiyo hata Ngigi alidhani hivyo. Walikutana kwenye bustani ya Nyayo Gardens, watu wakikatiza kutoka kazini, naye alikuja na shati jeupe na uso uliokonda.

"Mathe amekuja kwako," akasema kwa matumaini. "Umeona? Hana shida."

"Nimeona. Uliwahi kumuuliza kabla?"

"Kumuuliza nini?"

"Kama ana shida."

Ngigi alitazama viatu vyake. "Sikumuuliza."

"Na Mjomba Maina?"

"Pia yeye sikumuuliza."

"Basi mwenye alikuwa anaona haya ni nani, Ngigi?"

Ngigi hakujitetea, na hilo Cheruto alilikumbuka kwa heshima. "Ni mimi. Cheru, kufundisha ni kazi. Nikimaliza, naenda kwangu. Hiyo wiki nilifikiria sasa ni maisha yangu yote, kila harusi, kila sherehe, watu wakimwangalia na kuniangalia. Nikaogopa. Nimejichukia tangu hiyo siku. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Unajua uliponiambia apelekwe Elburgon nilisikia nini? Nilipumua. Nilifurahi."

"Basi sisi ni sawa. Tutajifunza pamoja."

Cheruto alitikisa kichwa, machozi yakimshuka mbele ya wapita njia. "Hiyo ndiyo inaniogopesha. Mmoja wetu angesema hapana, ningeolewa na wewe mbio. Tulikubaliana kama watu wanauziana mbuzi. Siku nyingine ikiwa ngumu, nitachoka, nitakuangalia, na wewe utakuwa umechoka pia. Hakutakuwa na mtu wa kusema hapana. Kimeli atakuwa na nani?"

"Unanipenda?"

"Wacha hiyo. Ndoa hatufungi."

"Na masomo yake? Nisije tena?"

Hapo ndipo moyo wake uliposhikwa pabaya, kwa kuwa mwalimu kama yule hakuwako mwingine, na aliyejua hivyo kuliko wote ni yeye aliyemtafuta hadi akachoka. "Hiyo si yangu kujibu," akasema. "Nitamuuliza mwenyewe."

Alimwambia Kimeli ukweli wote, mezani, mchana, bila kupunguza. Kwamba hakuhitajika Elburgon. Kwamba walimficha. Kimeli alisikiliza mdomo wazi.

"Mama pia?"

"Mama pia. Na mimi. Na Mwalimu."

Kimeli aliinuka akaingia chumbani na kufunga mlango. Hakuzungumza na yeyote kwa siku kadhaa, na chai ya nyumba ile ilipikwa na mama. Ngigi alikuja Jumanne akarudi bila kufunguliwa, akaja Ijumaa akarudi. Jumanne iliyofuata Kimeli mwenyewe ndiye aliyefungua. Alimsimamisha mwalimu wake mlangoni.

"Ulinionea haya?"

"Ndiyo," Ngigi akasema.

"Ni vibaya."

"Ni vibaya sana, Kimeli."

Kimeli alimtazama, akipima jambo ambalo hakuna mtu angempimia. "Nataka kusoma majina ya barabara," akasema mwishowe. "Nikitaka kwenda, niende mimi mwenyewe. Nikitaka kurudi, nirudi." Akasogea kando ili apite.

Tangu hapo masomo yaliendelea. Jumanne na Ijumaa utawaona, yule kijana mfupi na mwalimu wake, wakitembea Section 58 wakisoma vibao, wakisimama kwenye kila pembe. Cheruto huondoka nyumbani kabla Ngigi hajafika, akarudi akishaondoka. Lakini siku moja mvua ilimchelewesha, wakakutana langoni, yeye akiingia, Ngigi akitoka, kila mmoja amelowa.

"Amesoma leo mpaka Kenyatta Avenue," Ngigi akasema.

"Ameniambia kwa simu."

Ngigi alishika lango asilifunge. "Cheru, mimi bado nakupenda."

"Najua."

"Na wewe?"

Mvua ilikuwa ikimtiririka usoni, na hakujifuta.

"Mimi pia," akasema. "Ijumaa usichelewe. Anakungoja."