Imogen Alisubiri Kamera

Jumamosi hiyo soko la Salamanca jijini Hobart lilijaa pomoni. Lachlan, akimpisha mama mwenye kigari cha mtoto, alimmwagia kahawa msichana aliyevaa sweta ya sufu ya kijani.

"Hii sweta ya bibi yangu," msichana akasema.

"Basi nipeleke kwa bibi nikamwombe radhi."

"Una haraka wewe."

Aliitwa Imogen. Mchana alifundisha hesabu. Jioni alitabiri mianga ya kusini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, na nusu ya Hobart ilisubiri ujumbe wake. Miezi minne baadaye Lachlan alikuwa hawezi kulala bila kuisikia sauti yake.

"Jua likichafuka mianga inakuja, si ndiyo, kipenzi?" alimuuliza kwenye simu.

"Huku tuko mbali na ncha ya dunia, mpenzi. Lazima sumaku ya upepo wa jua ielekee kusini. Ikielekea kaskazini, hata dhoruba kubwa inapita bure. Na hilo tunalijua kama saa moja tu kabla."

"Baba hana siku nyingi, Imo. Anataka kuiona mara moja tu. Ikielekea kusini nipigie hapo hapo."

"Nitapiga."

Lakini watabiri wa Hobart wana mwiko wao: hutangazi mpaka kamera yako imeona. Mwiko wa watu wanaoogopa aibu, mimi nasema. Imogen aliwahi kuuvunja, watu wakaganda kwa baridi ufukweni bure, akachekwa mwezi mzima.

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu, giza la Juni limeshaingia, sumaku ikaelekea kusini. Imogen akatega kamera. Wingu. Akasubiri dakika arobaini hadi wekundu wa mianga ukaonekana kwenye kamera, ndipo akapiga.

"Mtoe baba nje, sasa hivi."

"Nesi ameshampa dawa ya usingizi, haamki. Ilielekea kusini saa ngapi?"

Angeweza kudanganya. "Kumi na mbili na nusu."

"Saa hiyo alikuwa dirishani, amevaa koti, ananiuliza kama umepiga."

Mzee alifariki alfajiri. Baada ya mazishi Imogen, katika gauni jeusi lililomkaa vibaya, alimfuata Lachlan nje ya kanisa.

"Niliogopa kuwapa matumaini ya bure."

"Uliogopa kuchekwa."

"Ndiyo," akasema. "Nisamehe, mpenzi."

Lachlan alimpenda bado, na hilo lilimuuma kuliko yote.

"Nimekusamehe, Imo. Ila ukinipigia simu sitaweza kupokea."

Akaingia kwenye gari la dada yake, akafunga mlango taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.