Kisanduku Kisicho na Mawe

Kila jioni baada ya shule, Wawira alipitia sokoni Kiritiri kwenye kibanda cha baba yake mdogo, Nthiga, fundi wa redio. Alivua sweta, akaketi juu ya kreti ya soda na kuanza kuchuna nyaya. Alikuwa Gredi ya Sita tu, lakini kazi ile aliijua vizuri.

Siku hizi wateja wa redio walikuwa wachache. Nthiga alikuwa ameona video kwenye simu, na tangu hapo alitengeneza visanduku vya mbao vya kutibu kwa mawimbi. Kila kisanduku kilikuwa na vitufe vya kuzungusha, vilivyong'olewa kwenye redio kuukuu, na kikopo cha bati. Unakata nywele za mgonjwa, awe mtu au mbuzi, unazitia kikoponi, unazungusha vitufe, basi! Hakikuwa na taa wala sauti.

"Nguvu yake haionekani," Nthiga alipenda kusema. "Na bei yake hata mwenye mbuzi mmoja anaimudu. Kwani maskini hawaugui?"

Aliyasema kwa moyo safi. Hakuwa tapeli, msimdhanie hivyo.

Mama Mugendi, jirani yao, alinunua kimoja mbuzi wake alipovimba tumbo kwa kula maganda ya ndengu. Kazi ya kutia mawe ya tochi, yaani betri, kwenye kila kisanduku ilikuwa ya Wawira. Siku chache baadaye, akitafuta kalamu mkobani, Wawira aliyakuta mawe ya kisanduku kile. Lo! Hakuwa ameyatia!

Kabla hajasema neno, Mama Mugendi aliingia kibandani akipiga vigelegele. "Fundi, mbuzi wangu amesimama! Kile kisanduku ni kiboko!"

Wawira alichanganyikiwa. Kisanduku kisicho na mawe kimeponyaje mbuzi? Na kama mawe hayahitajiki, huwa tunayatia ya nini? Aliyarudisha mawe mkobani, maana hakujua hata aanze kuuliza wapi.

Wiki iliyofuata, Mugendi, mwana wa mama yule, hakuonekana darasani. Wawira alipoenda kumwona, alimkuta chini ya blanketi mbili akitetemeka, na jua la Kiritiri mnalijua lilivyo. Kando yake kilikuwa kile kisanduku, kikoponi mna nywele zake.

"Mama, si mumpeleke hospitali?" Wawira aliuliza.

"Ya nini, na dawa iko hapa? Muulize mbuzi wangu!"

Wawira alitoka mbio. Akisema, ataiharibu biashara ya baba mdogo. Asiposema, je, Mugendi? Alifika kibandani akihema, akaweka mawe mezani.

"Baba Mdogo, kisanduku cha Mama Mugendi hakijawahi kuwa na mawe. Na sasa anakitumia kumtibu Mugendi!"

Nthiga alicheka. "Mawe si kitu. Muhimu ni mawimbi."

"Mawimbi yanatoka wapi bila mawe?"

"Kwenye vitufe."

"Na vitufe vinafanya nini?"

Nthiga alichukua bisibisi, akafungua kisanduku kipya na kuufuata waya kwa kidole. Ulitoka kitufe hadi kitufe, ukaenda kikoponi, ukarudi ulikoanzia. Alikitazama kisanduku kana kwamba kimetengenezwa na mtu mwingine.

"Haki, sijui," alisema polepole. "Nilifuata video tu." Kisha akashtuka. "Mtoto wa watu! Twende!"

Walipofika, Mama Mugendi alikataa katakata kumpeleka mwanawe hospitali. Nthiga alikigeuza kisanduku, akamwonyesha mahali pa mawe, patupu. "Mbuzi wako alipona mwenyewe, tumbo lilipotulia. Kitu hiki hakikufanya chochote. Nisamehe."

"Uliniambia kinatibu, sasa unaniambia hakitibu!" mama alilia. "Nimwamini nani?"

"Usiniamini mimi. Twende akapimwe damu."

Bodaboda iliwafikisha kituo cha afya. Ilikuwa malaria. Nesi alimpa Mugendi dawa, akamwambia mama yake kwamba wangechelewa zaidi, mambo yangekuwa mengine.

Mugendi alirudi shuleni amekonda, na upara mdogo juu ya sikio mahali aliponyolewa nywele za kutia kisandukuni. Watoto walimtania mpaka naye akacheka. Nthiga alipita nyumba kwa nyumba, akavikusanya visanduku vyote na kuwarudishia watu pesa zao.

"Umenikasirikia, Baba Mdogo?" Wawira aliuliza.

"Wewe? La. Nimejikasirikia mwenyewe. Niliona kitu rahisi, nikafurahi, nisiulize kama kinafanya kazi." Alitia yale mawe kwenye redio kuukuu. Redio ikakohoa, kisha ikaanza kuimba. "Yatoe."

Wawira aliyatoa. Redio ikanyamaza kimya.

"Umeona? Kitu cha kweli hakiogopi kujaribiwa. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Uliza, hata kama aliyekitengeneza ni baba yako mdogo."