Uso wa Bibi wa Ukutani

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, Chiriku alipitia kwanza Jengo la Zamani kumsaidia mama yake kufungua madirisha. Jina hilo la Chiriku alipewa na darasa zima, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shule na jengo vilitenganishwa na ua wa miti mifupi tu, na kwenye ua ule palikuwa na upenyo wa kutosha mtoto mwembamba mwenye mkoba.

Jengo lilikuwa la serikali tangu mababu zao hawajazaliwa. Kuta zake za mawe na chokaa zilikuwa nene kiasi kwamba mtoto angeweza kulala kwenye kizingiti cha dirisha bila kuanguka. Ngazi zake zilikuwa zimelika katikati kwa miguu ya watu wote waliowahi kupanda kwenda kuomba, kulalamika au kushukuru. Siku hizi jengo lilikuwa na ofisi za baraza la mji.

Lakini kwa Chiriku, jengo lile lilikuwa ukumbi wa chini tu. Huko, ukuta mmoja mzima ulikuwa na mchoro wa watu wanaotoka shambani jioni. Mbele yao wote alitangulia mwanamke mwenye nguo ya buluu, mtoto mgongoni, kikapu kichwani, akitabasamu kama mtu anayekumbuka kichekesho. Chiriku alipokuwa mdogo, siku ambazo mama hakuwa na wa kumwachia, alilazwa kwenye mkeka chini ya mwanamke huyo. Akamwita Bibi wa Ukutani.

"Shikamoo, Bibi!" alisema kila asubuhi akiingia.

Na mama yake, aliyejificha nyuma ya nguzo, alijibu kwa sauti nyembamba ya kizee: "Marahaba, mjukuu wangu. Umenawa uso lakini?"

Mama ndiye aliyekuwa mtunzaji wa ukumbi ule. Aling'arisha milango, akadeki sakafu, lakini ukuta wa mchoro hakuusogezea ndoo hata siku moja. "Huyu Bibi haogi," alipenda kusema. "Anapanguswa vumbi tu, tena kwa brashi laini."

Asubuhi moja Chiriku aliingia mbio kama kawaida. "Shikamoo, Bibi!"

Hakuna aliyejibu.

Mama alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, brashi mkononi, mdomo wazi. Chiriku akafuata macho yake.

Bibi wa Ukutani hakuwa na uso. Jicho moja lilibaki likiwatazama. Shavu, pua na lile tabasamu lote vilikuwa sakafuni, vimetawanyika vipande vipande kama maganda ya mayai. Pale palipokuwa na uso palibaki doa jeupe la chokaa, lililolowa na kuchuruzika.

"Mama!" Chiriku alipiga kelele. "Nani kamfanyia hivi?"

"Sijui, mwanangu. Jana niliona rangi imetutumka kidogo hapo shavuni, nikasema leo nitamwambia Katibu. Leo nafungua mlango..."

Ile kelele ndiyo iliyomleta Katibu wa baraza, akishuka ngazi na kikombe cha chai mkononi. Alipouona ukuta, kikombe kilimponyoka, chai ikamwagika juu ya viatu vyake naye asihisi. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye doa na kuligusa.

"Maji!" alisema, akitazama kidole chake kana kwamba si chake. "Ukuta umelowa chapa! Mama Chiriku, umeuosha huu mchoro?"

"Hapana, Bwana Katibu. Sijawahi."

"Sasa umelowaje? Mvua haijanyesha tangu lini sijui. Bomba halipiti hapa. Au ukuta nao siku hizi unatokwa jasho?"

"Mimi mwenyewe nashangaa, baba yangu."

Katibu alijifuta uso. Hakuwa mtu mkorofi, ila alikuwa ametishika. "Kesho nitamleta fundi wa michoro ya kale. Mpaka aseme amekuta nini, naomba funguo za ukumbi."

Chiriku alimwona mama yake akifungua kamba kiunoni, ile yenye funguo zilizogongana kila alipotembea. Kabla ya kuzitoa alisema, "Nikuombe kitu kimoja tu. Niviokote kwanza." Akatandika kitambaa safi kwenye sinia, akapiga magoti, akaviokota vipande kimoja kimoja, hata vile vidogo kama punje za mchele, akiviweka upande wa rangi juu.

Huko shuleni, siku hiyo darasa lilimshangaa Chiriku.

"Leo umemeza kufuli?" aliuliza rafiki yake Kifutio, aliyeitwa hivyo kwa sababu alitafuna vifutio vya penseli, vyake na vya wenzake. "Mwenyekiti mzima wa klabu ya mazingira, na kesho waamuzi wa mashindano ya shule wanakuja kuangalia bustani yetu! Changamka bwana!"

Bustani ile ndiyo ilikuwa fahari yao. Baraza liliipa klabu kipande cha ardhi nyuma ya Jengo la Zamani, na kiangazi chote maua yao yalikuwa yamestawi huku ya shule nyingine yakikauka. Siri ilikuwa mpira wa maji. Chiriku aliufungulia polepole kila jioni, akauacha uchirizike hadi asubuhi.

Baada ya masomo alikwenda na Kifutio kuufungulia. Maji yakatoka, yakatambaa katikati ya maua, yakafika kwenye mguu wa ukuta. Kisha yakapotea. Hayakutuama wala hayakupita mahali. Yalinywewa.

Chiriku aliinama, akaweka kiganja ukutani. Baridi ilimpanda hadi begani. Ukuta ulikuwa umelowa kama pua ya ng'ombe, na ukungu wa kijani ulikuwa umeanza kupanda juu. Akainua macho. Juu yake palikuwa na dirisha lenye kioo kilichovunjika pembe, lile lile alilolifungua kila asubuhi, lililo kando ya Bibi wa Ukutani.

Akashusha mkono.

Maua yao yalikuwa nyuma ya mgongo wa Bibi.

Hapo akakumbuka jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kabla hajastaafu, mzee mtunza bustani alikuwa amemwonyesha mkanda mpana wa kokoto uliouzunguka ukuta, na mfereji mwembamba kando yake. "Hapa msipande kitu, mjukuu wangu. Kokoto hizi ziacheni kama zilivyo." Chiriku akaitikia, "Ndiyo, babu." Mzee alipoondoka tu, Chiriku akawaambia wenzake kwamba yale mawe yanatia aibu, yanafanya bustani ionekane kama kipara. Wakazizoa kokoto kwa ndoo, wakajaza udongo na mbolea hadi kwenye mfereji, wakapanda maua yakiegemea ukuta.

"Kifutio," alisema. "Ni sisi."

"Sisi tumefanyaje?"

"Ni sisi tuliomwangusha uso Bibi."

Alipomweleza, Kifutio aliacha kutafuna. Alitazama ukuta, akatazama mpira, akameza kile kifutio bila kujua. "Weeee! Usiseme! Angalau ngoja waamuzi waje waondoke. Tushinde kwanza, ndiyo tuseme."

"Na mama yangu je?"

Chiriku akafunga maji.

Jioni nyumbani mama aliketi mlangoni akimenya viazi. Alipoinuka kuchukua sufuria, kiuno chake hakikutoa mlio wowote, na ukimya ule ulimchoma Chiriku kuliko maneno ya Katibu.

"Nimefikiri mchana kutwa," mama alisema polepole. "Huenda ni mimi. Huenda nilipitisha tambara bichi bila kukumbuka. Mtu akichoka anaweza kufanya jambo asilijue. Kesho nitamwambia Katibu hivyo, yaishe."

Chiriku aliduwaa. Mama yake, aliyemlinda Bibi hata na pumzi za wageni, alikuwa ameanza kujishuku! Alifungua kinywa aseme. Yeye, Chiriku, aliyeweza kuongea hata kinywa kikiwa na maji ya kusukutulia, alikosa neno moja.

Asubuhi alipenya ua kabla ya wote. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi. Fundi wa michoro, mwanamke mrefu aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, alikuwa akichunguza doa. Katibu alisimama nyuma yake, na mama kando, mikono imefumbatana.

"Bwana Katibu," mama alianza, "mimi nadhani huenda nili..."

"Siyo yeye!"

Wote waligeuka. Chiriku alikuwa mlangoni, anahema.

"Siyo mama! Ni maua yetu. Babu wa bustani alinikataza nisiguse kokoto, nami nikaziondoa. Tukaziba mfereji. Nikaacha maji yachirizike usiku kucha, kila siku. Nilijua tangu jana, nikaogopa kusema." Akapumua. "Maua yapo hapo hapo, nyuma ya mgongo wake."

Mama alimtazama mwanawe kama anayemwona mara ya kwanza.

"Twendeni nje," fundi alisema.

Huko nje fundi alichukua fimbo, akachimba shimo dogo kwenye mguu wa ukuta. Shimo likajaa maji mbele ya macho yao. Katibu aliruka nyuma.

"Hizi kuta za mawe na chokaa hunyonya maji kutoka chini," fundi alieleza, "kama utambi unavyonyonya mafuta. Waliolijenga walilijua hilo, ndiyo maana wakaweka kokoto na mfereji, maji yapite mbali. Yakipata njia hupanda, yakibeba chumvi ya ukuta. Yakikauka karibu na rangi, chumvi huisukuma mpaka ibanduke."

Katibu alikamata kichwa. "Mungu wangu! Na mimi kila asubuhi nasimama pale juu dirishani nayasifu haya maua! Namwambia kila mgeni, njooni muone watoto wanavyochapa kazi. Wala sikujiuliza zile kokoto zimekwenda wapi." Akamgeukia mama. Alitoa funguo mfukoni, akazishika kwa mikono miwili. "Mama Chiriku, nilikuhukumu kabla sijachunguza. Naomba unisamehe."

Mama alizipokea, akazifunga kiunoni. Kisha akamshika Chiriku begani. "Wewe na mimi tutaongea nyumbani," alisema, lakini mkono haukumwachia.

Waamuzi walipofika walikuta jambo ambalo hawajawahi kuliona: klabu nzima ya mazingira inang'oa bustani yake. Wengine walihamisha maua kando ya ua, mbali na jengo, wengine walizibua mfereji. Kifutio alipita mbele yao na ndoo ya kokoto kichwani.

"Karibuni, waheshimiwa," alisema. "Mwaka huu tumepanda mawe."

Zawadi ilikwenda shule nyingine. Kifutio alinuna siku nzima, kisha akaomba yeye ndiye akague mfereji kila wiki.

Ukuta ulichukua muda mrefu kukauka. Mvua zilikuja zikapita, na maji yote yakaufuata mfereji. Ndipo fundi akarudi, akaomba lile sinia. Kila siku baada ya masomo Chiriku aliketi kwenye mkeka, akimtazama akirudisha vipande mahali pake: nyusi, ncha ya pua, pembe ya tabasamu. Siku ya mwisho, sehemu kidogo ya shavu ilibaki tupu. Vipande vyake vilikuwa vimegeuka unga.

Fundi aliijaza kwa vistari vyembamba sana vya rangi. Ukisimama mbali, shavu lilikuwa zima. Ukisogea karibu, uliona vistari.

"Kwa nini usipake tu kama palivyokuwa?" Chiriku aliuliza. "Hakuna atakayejua."

"Kwa sababu mimi sikuichora picha hii," fundi alijibu. "Nikipaka kama yule mchoraji, nitakuwa nadanganya watu kwamba hapakuharibika kitu. Natengeneza, lakini sifichi."

Chiriku alitazama chini. Mama, aliyekuwa akisikiliza na brashi yake mkononi, alikuja akaketi naye mkekani, funguo zikilia.

"Umesikia, mwanangu? Kilichomponya Bibi si gundi peke yake. Ungeficha, maji yangeendelea kupanda, na leo tungekuwa tunaokota hadi yule mtoto wa mgongoni. Kukosea hukosea kila mtu, mimi, Katibu, wewe. Lakini kosa lisemwe mapema, wakati bado kuna vipande vya kuokota. Na ukikuta kitu kimewekwa na waliokutangulia, hata kama kwako ni kibaya, uliza kwanza kinafanya kazi gani ndipo ukiguse. Jengo hili si la Katibu wala si langu. Ni lako, na ni la wanao."

"Ndiyo, mama." Safari hii alimaanisha.

Asubuhi iliyofuata Chiriku alipita nyuma ya jengo kwanza. Akaweka kiganja ukutani, juu ya mkanda wa kokoto. Pakavu. Akaingia ukumbini taratibu, akatazama lile shavu lenye vistari.

"Shikamoo, Bibi," alisema kwa sauti ndogo.

Nyuma ya nguzo funguo zikagongana.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi leo nina uso. Wewe wako umenawa?"