Moteur ya Rosine Chini ya Makala

Cadenas ya mulango ilikuwa chini, imekatwa safi. Inspecteur Orpha aliiruka, akaingia ndani ya depo ya makala ya kupikia kule Mangobo, akahesabu.

Magunia makumi tatu. Tatu tu njo ilisogezwa.

"Mwizi hakutafuta," alisema. "Alikuja moja kwa moja."

Kwenye cadenas hakukuwa alama za vidole. Pembeni, maman Rosine, mujane wa kutoka Yanonge, alikuwa anakaza kitambaa yake ya matanga. Chini ya ile magunia tatu alikuwa ameficha moteur ya pirogue, injini ya mutumbwi, na sasa haikuwa pale. Bila ile moteur, samaki haifike mujini, na batoto yake ine hawasome.

"Juu ya nini uliificha?"

"Desturi yetu unaijua, maman inspecteur. Matanga ikiisha, ndugu ya marehemu banagawana vitu. Ata sufuria banabeba."

"Nani alijua?"

"Hakuna mutu."

"Mwenye depo?"

"Delphine iko Isangi mwezi muzima. Aliniachia ufunguo, hakuuliza ya nini."

"Uliileta na nani?"

"Mi mwenyewe, na kinga, baiskeli yangu, siku ya yenga. Batu bote balikuwa kwenye misa."

Orpha alimuangalia. Siri ya mutu moja haina miguu. Lazima kuna mutu aliibeba.

"Fikiria muzuri. Hukuambia mutu, ata padri?"

Rosine aliangalia makala. "Niliuliza mashine tu."

Ile mashine ilikuwa ndani ya secrétariat ya Carlos, mutaa wa Makiso, kule banaandika barua na kupiga photocopie. Rosine alichagua kule kwa sababu iko mbali na shemeji zake. Orpha na Rosine bakaingia. Carlos, mutu wa tumbo kubwa na maneno mingi, aliwasha ile mashine, ordinateur, huku anatafuna karanga.

"Hapa siri iko salama, maman inspecteur. Internet iko na milango mbili. Navigateur ya bluu ni ya kazi. Ya rangi ya machungwa ni ya siri. Yeye nilimupa ya machungwa."

"Na ule musaidizi wa kujibu maswali, ule Rosine aliuliza?"

"Iko kwenye zote mbili. Ni akili ya mashine tu, haina kinywa."

Orpha alifungua ya bluu, ile Rosine hakugusa ata siku moja. Akaandika neno moja: bonjour.

Mashine ikajibu: "Bonjour. Ile moteur ya pirogue chini ya makala, kwenye depo ya Delphine, unataka tena nikuonyeshe namna ya kuikinga na maji?"

Carlos aliacha kutafuna.

"Kinywa haina," Orpha alisema. "Lakini masikio iko nayo kwenye kila mulango. Milango yote mbili iko kwenye konti moja. Ni ya nani?"

"Ya technicien. Alikuja kutengeneza mashine, akasema bon, tumia konti yangu, ni ya bure. Batu banamwita Techno."

"Jina yake ya kweli?"

"Sikuuliza."

"Numéro?"

"Ilikuwa ndani ya simu. Simu ilianguka mutoni."

"Carlos, wewe ni shahidi ya bure kabisa."

Orpha alizunguka meza mara mbili. Donc mwenye konti anakaa kwake, anasoma yote. Sawa. Asome.

"Maman Rosine, ile moteur iko na karatasi?"

"Facture ya duka. Iko kwangu, kwenye kabati."

"Bila facture, mwizi hawezi kuipitisha kwenye port ya mutoni. Uko na boîte ya kijani?"

"Hapana."

"Nunua moja leo, uweke facture ndani, uiache jikoni. Usiambie mutu."

Kisha akaketi na kuandika kwenye navigateur ya machungwa: "Facture ya moteur ya Rosine iko jikoni yake Mangobo, ndani ya boîte ya kijani. Wadudu batakula karatasi?"

Kesho yake, saa sita ya mchana, Orpha alikuwa nyuma ya pazia kwa Rosine wakati Noël, mudogo wa marehemu, aliingia na furushi ya pondu.

"Shemeji, nimekuletea mboga."

"Asante, papa Noël. Leo umetukumbuka."

"Kidogo tu. Alors, niazime ile boîte ya kijani ya jikoni. Nataka kuweka misumari."

Orpha alitoka. "Boîte gani, papa?"

"Ile ya zamani. Ya kaka yangu."

"Ilinunuliwa jana, kwenye soko. Marehemu hakuiona. Mutu mwenye aliisoma kwenye konti ya Techno njo anaijua."

Noël alitafuta kiti, akakaa.

"Techno ni mimi," alisema. "Siku sivue, natengeneza mashine za batu." "Mwanzo nilisoma kwa kutaka kujua tu. Batu banauliza mashine vitu hawaulize ata mama yao. Siku moja nikaona moteur ya kaka."

"Ukaiiba."

"Tulivua pamoja miaka kumi, yeye nyuma kwenye moteur, mi mbele na nyavu. Kwa matanga hamukunipa ata shati yake. Sikutaka kuiuzisha. Nilitaka kukaa pale alikuwa anakaa."

Rosine alifungua boîte, akamupa facture. Noël alisoma jina ya munuzi, akarudia kusoma. Ilikuwa Rosine.

"Kaka alisema ni yake."

"Niliinunua na samaki yangu ya moshi, miaka tatu. Nilimuacha aseme vile. Alikuwa anapenda batu bamuheshimu."

"Iko chini ya kitanda yangu. Nitairudisha leo."

Rosine alifunga boîte. "Ulisoma maswali yangu yote?"

Noël aliangalia chini. "Yote."

"Ata ya juu ya kaka yako? Ile sikuambia ata padri?"

"Ata ile."

"Moteur utarudisha," Rosine alisema polepole. "Na ile siri, utairudisha namna gani?"

Noël aliweka facture juu ya meza. Orpha alikuwa na kalamu juu ya procès-verbal, karatasi ya polisi. Cadenas aliandika. Boîte aliandika. Ile swali ya mwisho, hakuiandika.