Binti wa Fundi Rangi

Kila alasiri, saa kumi na moja ikikaribia, Nukta aliweka karai la maji ya uvuguvugu uani, akasogeza kigoda kando yake, akakaa kumsubiri mama. Mkononi alikuwa na kitambaa kikuukuu na kichupa cha mafuta ya taa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake nyumbani tangu akiwa na miaka saba: kumfuta mama madoa ya rangi mahali ambapo mwenyewe hakuweza kupafikia.

Jina la Nukta alipewa siku aliyozaliwa, kwa udogo wake. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na bado alisimama wa kwanza kwenye mstari, pale wanapopangwa wafupi.

Mama yake alikuwa fundi rangi. Alipaka kuta, milango na dari za nyumba za watu, na kila siku alirudi na rangi nyingine nyweleni. Alikuwa na miluzi mingi kama ndege, na alipoingia uani Nukta alikuwa ameshamsikia tangu kona ya barabara.

"Leo nimepaka jiko rangi ya maziwa," mama alisema siku moja, akikaa kwenye kigoda na kuinamisha kichwa. "Ukuta umetoka mweupe hata paka wa nyumba ile akaja kuulamba."

"Mama, unanitania!"

"Haya, kamuulize paka."

Nukta alicheka, akaendelea kusugua doa nyuma ya sikio. Siku hizo hakuona haya yoyote. Haya ilimwingia wiki iliyofuata, pamoja na daftari jembamba lenye jalada la kijani.

Daftari kama hilo kila mwanafunzi alipewa na mwalimu wa Kiswahili, mwanamke mrefu aliyesema polepole na aliyesikika mpaka nyuma ya darasa. "Mpaka Jumatano ya wiki ijayo," aliwaambia, "kila siku mtaandika ukurasa mmoja kuhusu maisha yenu ya nyumbani. Sitaki majitu wala wafalme. Nataka mliyoyaona kwa macho yenu. Mwisho, kila mmoja atawasomea wenzake ukurasa anaoupenda."

Darasa likavuma. Mvulana wa dawati la mbele, aliyeitwa Redio kwa sababu hakujua kunyamaza, alitangaza kwamba ataandika kuhusu mjomba wake rubani. Kando ya Nukta aliketi Miwani, msichana mpole aliyevaa miwani minene, ambaye baba yake alikuwa daktari. Miwani aliinamia daftari lake akaanza kuandika mara moja. Nukta alichungulia: "Nyumbani kwetu kuna kabati la vitabu linalofika darini..."

Nukta akautazama ukurasa wake mtupu. Yeye aandike nini? Karai? Mafuta ya taa shingoni mwa mama? Alihisi masikio yakiwaka moto. Kisha kalamu ikaanza kutembea. "Mama yangu anafanya kazi ofisini. Ofisi yake iko ghorofa ya tano. Ana meza ya kioo na feni isiyopiga kelele."

Siku ya pili aliongeza simu mbili mezani. Siku ya tatu akamwajiri katibu. Ijumaa ilipofika, mama alikuwa na ghorofa nzima peke yake.

Mwalimu alikusanya madaftari, akayarudisha baada ya mapumziko. Chini ya ukurasa wa Nukta aliandika mstari mmoja kwa wino mwekundu: "Ofisi nimeiona. Mama sijamwona."

Nukta alilifunga daftari haraka kabla Miwani hajasoma.

Jumapili hiyo mama aliingia ndani akiwa amejaa furaha usoni. "Mama wee, nina habari!" alimwambia bintiye. "Mwalimu mkuu wenu amenipa kazi. Nitapaka shule yenu. Naanza kesho, naanzia ukuta wa darasa la sita!"

Nukta alikuwa anakunja nguo. Shati likamponyoka.

"Kwetu? Darasani kwetu?"

"Ndiyo, kwenu. Mbona hivyo? Nilidhani utaruka."

"Nimefurahi," Nukta alisema, akiliokota shati bila kuinua macho. "Ila... mama, pale shuleni sisi huwa hatuongei na mafundi. Wakati wa masomo hairuhusiwi."

Mama alimtazama. Alikuwa mwepesi wa kuelewa; kazi yake ilimfundisha kuona ufa mwembamba kabla haujawa mkubwa.

"Sawa," alisema. "Basi fundi atafanya ya fundi, na mwanafunzi atafanya ya mwanafunzi."

Jumatatu asubuhi ngazi ndefu iliegemezwa kwenye ukuta wa barazani, nje ya madirisha ya darasa la sita. Juu yake alisimama mama, ovaroli ya buluu, kilemba cha zamani kichwani, akikwangua rangi kuukuu huku akipiga mluzi. Vumbi jeupe lilimmwagikia kama unga. Wanafunzi walisimama chini kutazama, maana wengi wao hawakuwahi kumwona fundi rangi mwanamke.

"Tazameni!" Redio alipaza sauti. "Ukuta bado haujapakwa, lakini fundi amekwisha kupakwa!"

Watoto wakaangua kicheko. Nukta, aliyekuwa katikati yao, alihisi kama kila mtu anamwangalia yeye, ingawa hakuna aliyekuwa akimwangalia. Akacheka pia. Alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mluzi ulikatika. Mama aligeuka pale juu, na macho yake yakakutana na ya bintiye. Hakukunja uso. Alishuka taratibu, akachukua ndoo yake, akafika pale aliposimama Nukta akiwa ameziba njia.

"Samahani, mwanafunzi," alisema kwa adabu. "Nipishe nipite."

Nukta akapisha. Siku hiyo hesabu hazikumwingia hata moja.

Jumanne, wakati wa mapumziko, Nukta alibaki darasani akijifanya anasoma. Kupitia dirishani alimwona Miwani akisogea mpaka kwenye ngazi.

"Shikamoo, mama fundi. Kwa nini umepaka kipande kidogo tu, halafu ukaacha?"

"Marahaba, mwanangu. Hicho ni kipande cha kujaribia. Rangi ikiwa mbichi inakudanganya. Unaiona nyepesi, ikikauka inakuja nyingine kabisa. Basi naiacha ikauke ndipo niamue. Njoo, weka kidole hapa. Hapa pamekauka. Na hapa? Unahisi ubaridi? Bado mbichi."

Miwani alicheka kwa furaha, akauliza swali jingine, na jingine. Mama akamjibu yote, akampa hata brashi ndogo ajaribu kupaka pembe ya fremu ya dirisha. "Usiikandamize. Ivute kama unachana nywele za mtoto mchanga. Enhe! Una mkono mzuri, mwanangu."

Mwanangu! Nukta alilisikia neno hilo mara mbili, na mara zote mbili lilimchoma. Maneno yale ya kuchana nywele aliyajua. Aliambiwa yeye kwanza, akiwa na miaka sita, wakipaka mlango wa chumba chao. Sasa alikuwa amekaa nyuma ya dirisha kama mgeni, na mwingine alikuwa ameshika brashi.

Alasiri hiyo aliandaa karai mapema kuliko siku zote. Mama alifika kimya, akapita, akaanika ovaroli kwenye kamba.

"Mama, njoo nikufute."

"Usijisumbue. Nimejifuta kulekule shuleni, bombani."

Lakini doa la rangi ya krimu lilikuwa bado nyuma ya sikio, na wote wawili walijua.

Mama aliketi kwenye ngazi ya mlango. Akivua viatu, alisema, "Kuna mtoto mwenye miwani pale kwenu. Mtoto ana maswali huyo! Tunazungumza, nikamwambia nami nina binti wa umri wake. Akaniuliza, anasoma wapi?"

Nukta alishika kitambaa kwa nguvu. "Ukamjibuje?"

"Nikababaika. Nikasema anasoma mbali." Mama alijitazama viganja. "Mimi kudanganya sijazoea, Nukta. Na kudanganya mtoto wa watu ndiyo kabisa. Kwa kunicheka sikukasirika, watu hunicheka kila ninapokwenda, halafu wanakuja kusifu ukuta. Lile la kumwambia yule mtoto kwamba uko mbali ndilo limeniuma. Maana nilipolisema, nikaona ni kweli."

Nukta aliangua kilio. Mama hakumbembeleza wala hakumfukuza. Alimwacha alie mpaka amalize, kisha akaingia ndani kupika.

Jua lilikuwa halijazama. Nukta akachukua daftari la kijani, akalifungua ukurasa mpya. Safari hii kalamu haikutembea yenyewe. Ilibidi aisukume neno kwa neno, na mara mbili alifuta akaanza upya.

Kesho yake ilikuwa siku ya kusoma. Redio alisoma kwanza kuhusu mjomba wake, na ndege ikaruka sana mpaka mwalimu akamwomba aitue. Nukta aliinua mkono kabla ujasiri haujamtoroka. Nje, mama alikuwa juu ya ngazi, kando ya dirisha lililo wazi. Nukta alisimama mbele, mdogo, daftari mikononi.

"'Mama yangu hafanyi kazi ofisini,'" alisoma. "'Niliandika hivyo lakini si kweli. Mama yangu ni fundi rangi. Anaweza kuugusa ukuta akakwambia unyevu unaingilia wapi. Ana kovu la goti kwa sababu alianguka kazini mwaka niliokuwa mgonjwa, na kesho yake akarudi kazini akichechemea. Wiki hii anapaka shule yetu, na mimi nampita kama simjui. Juzi alipochekwa, nilicheka pia, tena kwa sauti. Alinitazama. Huyo fundi aliye nje ni mama yangu. Niliona haya kwa ajili yake, na sasa ninaona haya kwa ajili yangu.'"

Nje, brashi ilisikika ikigota kwenye mdomo wa kopo.

Redio alisimama. "Mwalimu, ile ya kwamba fundi amepakwa ni mimi niliyeisema. Sikujua ni mama yake."

"Na angekuwa hana mtoto hapa, ingekuwa sawa?" mwalimu aliuliza.

Redio alifikiri. "Hapana, mwalimu," alisema kwa sauti ndogo.

Miwani naye alikuwa amekunja uso. "Kumbe 'mbali' ni hapa kwenye dawati langu!" alisema. "Ungeniambia, Nukta. Jana nilirudi nyumbani nikamsimulia baba habari za mama fundi na brashi. Baba alikuwa na simu sikioni. Akasema vizuri, vizuri, akaendelea na simu. Mimi kabati lile la vitabu nililoandika habari zake, hakuna anayenisomea hata kimoja."

Nukta alimgeukia. Wiki nzima alikuwa amelionea wivu kabati lile, wala hakuwahi kumuuliza mwenzake lolote. "Nisamehe," alimwambia. "Njoo kwetu alasiri. Mama anapenda watu wenye maswali."

Mwalimu alikwenda dirishani. "Mama fundi, tafadhali ingia. Mtoto huyu ni wako?"

Mama alishuka, akajipangusa mikono kwenye ovaroli, akasimama mlangoni. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa imara.

"Ni wangu," alisema. "Hata kabla hajasema."

Nukta alimkimbilia, akamkumbatia na rangi yake yote. Sare yake ikapata alama ya krimu kifuani, na hakuna aliyecheka.

Mwalimu alisubiri mpaka watulie, ndipo akasema: "Nilipowaambia mwandike mliyoyaona, sikuwa natafuta nyumba nzuri. Nilitaka kujua kama mnaona. Nukta alikuwa na jambo zuri kuliko ghorofa ya tano, akalificha kwa sababu alilipima kwa jicho la jirani. Redio alimwona fundi kila siku bila kumwona mtu. Wanangu, jikubalini mlivyo na mnakotoka, kwa sababu anayejikataa hupoteza nguvu zake zote katika kujificha, na hazibaki za kuwatazama wenzake. Na anayefanya kazi mbele yako, muulize hali yake kabla hujamtania."

"Shikamoo, mama fundi!" darasa zima lilimsalimu bila kuambiwa.

"Marahaba. Sasa, kama mwalimu ataruhusu," mama alisema, akichomoa vipande vya msasa mfukoni, "ukuta wa ndani haujasuguliwa, nami nina mikono miwili tu. Nani ana nguvu?"

Mikono arobaini ikainuka. Redio alipewa sehemu ya ukuta iliyo juu ya dawati la mwisho, akasugua kwa bidii, na vumbi likamfanya afunge mdomo dakika kumi nzima, jambo ambalo shule ile haikuwahi kulishuhudia. Miwani alipewa kazi ya kupapasa ukuta na kusema palipobaki mikwaruzo.

"Na mimi?" Nukta aliuliza.

"Wewe njoo nje unishikie ngazi," mama alimwambia. "Kwa mikono miwili, tena usimame mbele, watu wakuone."

Nukta alisimama mbele, akaishika ngazi kwa mikono miwili. Mwalimu mkuu alipita na wageni wawili, akasimama barazani kuutazama ukuta uliopakwa krimu.

"Kazi safi," mgeni mmoja alisema. "Fundi ni nani?"

"Ni mama yangu," Nukta akajibu, kwa sauti iliyofika mpaka juu ya ngazi.